Ubingwa wa Orlando Predators na fungu la mwenye hisa

TAREHE 23 Agosti, 1998, timu ya Orlando Predators ya jimbo la Florida, Marekani, iliichapa Tampa Bay Storm pointi 62 kwa 31 na kutwaa ubingwa wa futiboli ya Kimarekani inayochezwa ndani ya ukumbi. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa timu hiyo, baada ya kupoteza fainali za miaka ya 1992, 1994 na 1995.

Kwa mashabiki hiyo ilikuwa habari ya michezo. Kwa kundi jingine ilikuwa pia habari ya soko, kwani miezi minane tu kabla ya hapo, Disemba 1997, kampuni yenye timu hiyo, Orlando Predators Entertainment, iliuza hisa kwa umma na kuingia katika soko la Nasdaq. Ulikuwa msimu wa kwanza ambapo mtu wa kawaida mwenye akiba ndogo angeweza kumpigia simu dalali wake asubuhi na kununua kipande cha timu aliyoishangilia usiku.

Swali la wiki hii ni hili: timu ikichukua kombe, mwenye hisa anapata nini? Historia ya Predators na ligi yake inatoa jibu ambalo mwekezaji mdogo popote alipo anapaswa kulijua kabla ya kutoa fedha zake.

Bidhaa yenyewe

Mchezo huu uliasisiwa na Jim Foster, Mmarekani aliyepata wazo hilo mwaka 1981 akiwa anatazama soka ya ndani katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Alichora uwanja wake juu ya bahasha. Ligi ilianza mwaka 1987 kwa timu nne: Chicago, Denver, Pittsburgh na Washington.

Uwanja una urefu wa yadi 50 na upana wa futi 85, yaani takriban mita 46 kwa 26, bila kuhesabu maeneo ya kufungia. Ule wa futiboli ya kawaida una yadi 100. Kila upande huwa na wachezaji wanane badala ya 11. Pembeni hakuna mstari wa kutokea nje bali ukuta uliofunikwa magodoro, na mashabiki wameketi nyuma yake. Kandoni mwa magoli kuna nyavu kubwa zinazorudisha mpira uwanjani, na ukirudi mchezo unaendelea.

Matokeo yake ni pointi nyingi. Fainali ile ya Agosti 1998 ilitoa pointi 93. Fainali ya ligi kubwa ya NFL ya Januari mwaka huo huo, kati ya Denver na Green Bay, ilitoa pointi 55.

Kibiashara, akili ya wazo hili ipo kwenye kalenda na kwenye jengo. Katika miji mingi ya Marekani kumbi kubwa hujengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu au mchezo wa magongo wa kwenye barafu, ambao misimu yake huisha wakati wa kiangazi unapoingia. Ukumbi wa Orlando uliofunguliwa mwaka 1989 ulitumiwa na timu ya kikapu ya Orlando Magic. Miezi ya kiangazi taa zilikuwa zimezimwa, ilhali gharama za jengo zilikuwa palepale. Futiboli ya ndani ilikuja kujaza pengo hilo. Aidha, Orlando haina timu ya NFL, kwa hiyo mpenzi wa futiboli wa mji huo alikuwa mteja ambaye hajachukuliwa na mwingine.

Foster alikwenda hatua moja zaidi. Mwaka 1990 alipewa hataza ya mfumo wa mchezo huo, yaani haki ya kisheria inayomzuia mtu mwingine kuuiga. Ni jambo la nadra kwa mchezo kulindwa kama mashine ya kiwandani. Kwa mwekezaji hicho kilikuwa kinga: mshindani hawezi kufungua duka lile lile mtaa wa pili. Lakini hataza ina ukomo, na hiyo ilimalizika mwaka 2007.

Msimu wa 1998

Ligi ilikuwa na timu 14, kila moja ikicheza mechi 14 kabla ya hatua ya mtoano. Predators waliingia msimu huo na kocha mpya. Perry Moss, aliyeiongoza timu tangu ilipoanza mwaka 1991, alimpisha Jay Gruden.

Gruden hakuwa mgeni wa mchezo. Akiwa mrushaji mkuu wa Tampa Bay Storm alitwaa ubingwa mara nne, miaka ya 1991, 1993, 1995 na 1996. Ule wa 1995 aliupata kwa kuifunga Orlando yenyewe, 48 kwa 35. Orlando, kwa maneno mengine, walimwajiri mtu aliyewanyang'anya kombe.

Miji hiyo miwili ya Florida imeunganishwa na barabara kuu namba 4, na pambano lao lilipewa jina la vita vya barabara hiyo. Ni utani wa jadi wa aina ambayo kila mfanyabiashara wa michezo anautamani, kwa maana mechi ya namna hiyo hujiuza yenyewe.

Predators walimaliza hatua ya kawaida kwa kushinda mechi 9 na kupoteza 5. Storm walikuwa na rekodi ya juu zaidi, ushindi 12 na kupoteza 2, na fainali ikachezwa kwao Tampa. Aliyetazama rekodi peke yake angeweka fedha zake kwa Storm. Kilichotokea ni kipigo cha tofauti ya pointi 31 mbele ya mashabiki wa mwenyeji. Rick Hamilton, aliyecheza kushambulia na kulinda pia, alitajwa mchezaji bora wa fainali. Katika kikosi hicho alikuwemo Barry Wagner, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa wa mchezo huu, ambaye naye alicheza pande zote mbili.

Hapo kuna somo la gharama. Kwa kanuni za wakati huo wachezaji wengi walilazimika kushambulia na kulinda katika mechi hiyo hiyo, kwa hiyo kikosi kilikuwa kidogo na karatasi ya mishahara ilikuwa fupi. Timu ya NFL ina wachezaji zaidi ya 50. Kampuni ndogo isingeweza kubeba mzigo wa namna hiyo.

Msimu wa 1999 Predators walishinda mechi 7 na kupoteza 7, lakini wakafika fainali tena na kufungwa na Albany Firebirds, 59 kwa 48. Mwaka 2000 walishinda mechi 11, wakapoteza 3, na wakachukua kombe la pili kwa kuifunga Nashville Kats 41 kwa 38, safari hii nyumbani Orlando. Fainali tatu mfululizo, makombe mawili. Kiuchezaji hakuna mwenye hisa angeweza kudai zaidi.

Fedha zinaingia wapi?

Timu ya michezo ina milango minne ya mapato: kiingilio, wadhamini, bidhaa zenye nembo, na haki za matangazo ya televisheni. Katika ligi kubwa mlango wa nne ndio unaolisha nyumba. Januari 1998 NFL ilisaini mikataba ya televisheni ya miaka minane yenye thamani ya takriban Dola bilioni 17.6, na fedha hizo hugawanywa sawa kwa timu zote. Timu ya NFL inaweza kuvurunda uwanjani mwaka mzima na bado hundi ya televisheni ikaingia benki.

Futiboli ya ndani haikuwa na hundi hiyo. Ilipopata mkataba na kituo cha NBC kuanzia msimu wa 2003, NBC haikulipa ada ya haki. Walikubaliana kugawana mapato ya matangazo ya biashara. Maana yake ligi ilipata nafasi ya kuonekana, lakini ilibeba na sehemu ya hatari. Matangazo yakiuzika, wote wanakula. Yasipouzika, wote wanalala njaa. Mkataba huo uliishia msimu wa 2006.

Kwa hiyo mlango mkuu ulibaki kiingilio, na kiingilio kina kikomo cha hesabu. Tuchukue mfano wa kufikirika, usiohusu timu yoyote. Msimu una mechi 14, na saba kati ya hizo ni za nyumbani. Wakija watu 12,000 kila mechi kwa wastani wa Dola 15, mapato ni Dola 180,000 kwa mechi, na Dola 1,260,000 kwa msimu mzima. Watu wakipungua 2,000 kwa kila mechi, zinatoweka Dola 210,000. Mechi moja ya mtoano nyumbani inaleta Dola 180,000, yaani haifikii hata kuziba pengo hilo.

Upande wa matumizi, kodi ya ukumbi, bima ya wachezaji, tiketi za ndege, hoteli na mishahara ya ofisi havipungui kwa sababu viti viko wazi. Mwenye duka anaielewa hali hii: kodi ya pango haijui kama leo umeuza au hukuuza.

Ndiyo maana kombe lina thamani ndogo kuliko mashabiki wanavyodhani. Faida yake hasa huja msimu unaofuata, pale tiketi za msimu zinapouzwa mapema na wadhamini wanapoongeza dau. Kama ukumbi ulikuwa unajaa tangu zamani, hata ubingwa hauwezi kuongeza viti.

Mali halisi ni leseni

Mnunuzi wa hisa za timu kama hii anapaswa kujiuliza amenunua mali gani. Ukumbi kwa kawaida si wa timu, ni wa kupanga. Wachezaji huondoka: Barry Wagner mwenyewe alikwenda San Jose mwaka 2000. Kocha huondoka pia. Kinachobaki kwenye mizania ni jina, nembo, na leseni ya kuwa mwanachama wa ligi.

Thamani ya leseni hupanda na kushuka pamoja na ligi. Mwaka 1999 ilipanda kwa matumaini, baada ya NFL kupata haki ya hiari ya kununua hadi karibu nusu ya ligi ya ndani na kuwaruhusu wamiliki wake kuwa na timu huko. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2000 Kurt Warner, aliyewahi kucheza Iowa Barnstormers, aliiongoza St. Louis Rams kushinda Super Bowl na kutajwa mchezaji bora wa mechi hiyo. Huyu ni kijana ambaye mwaka 1994 alikuwa akipanga bidhaa kwenye rafu za duka la vyakula kwa Dola 5.50 kwa saa. Hakuna tangazo la kulipia ambalo lingeitangaza ligi kiasi hicho.

Wenye mitaji mikubwa wakaingia. William Ford Mdogo wa Detroit, Jerry Jones wa Dallas, Tom Benson wa New Orleans na Arthur Blank wa Atlanta, wote wa familia za NFL, wakawa na timu za ndani. Mwanamuziki Jon Bon Jovi akawa mmoja wa wamiliki wa Philadelphia Soul mwaka 2004.

Lakini tazama upande wa pili wa sarafu. Barnstormers wenyewe, waliofika fainali mbili mfululizo mwaka 1996 na 1997 wakiwa na Warner, waliuzwa baada ya msimu wa 2000 na kuhamishiwa New York wakiwa na jina jipya la Dragons. Wapinzani wa Orlando katika fainali ya 2000, Nashville, walihamia Georgia msimu wa 2002. Albany, mabingwa wa 1999, walikwenda Indiana mwaka 2001 na kufungwa baada ya msimu wa 2004. NFL nayo iliacha haki yake ya kununua ligi ipite bila kuitumia. Pale mabingwa wanapohama mji kama machinga wanaofukuzwa barabarani, mwenye hisa afahamu kuwa ubora wa kiuchezaji haukuwa tatizo, wala haukuwa dawa.

Ligi ilivyoanguka

Msimu wa 2008 ulikuwa na timu 17 na wastani wa watazamaji zaidi ya 12,000 kwa mechi. Kwa macho ya mpita njia, biashara ilikuwa imenawiri. Disemba mwaka huo, mabenki ya Marekani yakiwa katika msukosuko, wamiliki waliamua kutocheza kabisa msimu wa 2009. Agosti 2009 ligi ikaingia katika mchakato wa ufilisi mahakamani. Disemba mwaka huo mali za ligi, yakiwemo majina na nembo zilizojengwa kwa zaidi ya miaka 20, zilinunuliwa kwa Dola milioni 6.1.

Yeyote aliyekuwa na leseni mkononi siku ligi ilipofilisika alijifunza kuwa alikuwa na karatasi ya kuingilia katika nyumba ambayo haipo tena. Nyavu zilikuwepo, magodoro yalikuwepo, na mashabiki walikuwepo. Kilichokosekana ni fedha za kuvuka mwaka mmoja mbaya.

Ligi ilifufuliwa mwaka 2010 kwa gharama za chini, wachezaji wengi wakilipwa Dola 400 kwa mechi. Predators walirudi nayo, lakini Oktoba 2016 wakasimamisha shughuli. Ligi ikafilisika tena Novemba 2019. Jaribio jingine mwaka 2024 lilianza na timu 16, zikaanza kujitoa ndani ya wiki chache, na Billings Outlaws wakawa mabingwa wa zilizosalia. Jina la Predators lilirudi mwaka 2019 katika ligi ndogo. Jina zuri halifi upesi, lakini kurudi kwa jina hakumrudishii fedha aliyewekeza zamani.

Linganisha na wengine

Si kila hisa ya michezo inaishia hivyo. Juni 1998, wakati Predators wakiwa katikati ya msimu wao, timu ya besiboli ya Cleveland Indians iliuza hisa kwa umma kwa Dola 15 moja. Bei ilishuka chini ya hapo ingawa timu ilikuwa inashinda, na kura nyingi zilibaki kwa mmiliki mkuu, Richard Jacobs. Mwanzoni mwa mwaka 2000 timu yote iliuzwa kwa familia ya Dolan kwa takriban Dola milioni 320, na wenye hisa wadogo wakalipwa zaidi ya Dola 22 kwa kila hisa.

Waliovumilia walipata. Lakini zingatia chanzo cha faida hiyo: si makombe, ni tajiri mmoja aliyetaka kununua timu iliyo ndani ya ligi yenye fedha za televisheni. Leseni ya besiboli ilikuwa na soko, na mnunuzi akaja.

Green Bay Packers wa NFL ni jambo la tatu. Mwaka 1997 hadi 1998 waliuza hisa kwa Dola 200 moja na kukusanya takriban Dola milioni 24. Hisa hizo hazitoi gawio na haziuziki sokoni. Mnunuzi aliambiwa hayo waziwazi, akanunua kwa mapenzi. Huo ni mchango, na hakuna ubaya ikiwa mtoaji anajua anachotoa.

Mwekezaji huumia pale mambo haya matatu yanapochanganyika: anachanga kama shabiki, anatarajia faida kama mfanyabiashara, na hana kura ya kumwezesha kuamua lolote.

Kabla ya kununua

Ukiletewa hisa za timu ya michezo, za mpira wowote na nchi yoyote, soma waraka wa mauzo na utafute majibu ya maswali haya:

1. Katika kila shilingi mia ya mapato, ngapi zinatoka mlangoni na ngapi zina mkataba wa maandishi wa miaka kadhaa? Za mlangoni ni za kubahatisha.

2. Nani mwenye uwanja? Mpangaji anaweza kupandishiwa kodi au kunyimwa tarehe.

3. Ligi ina akiba gani? Timu yenye afya ndani ya ligi mgonjwa itaambukizwa.

4. Kura zako zina uzito gani? Kama mmiliki mkuu anaamua peke yake, wewe ni abiria.

5. Utamuuzia nani? Hisa ya kampuni ndogo inaweza kuwa na bei gazetini na isiwe na mnunuzi dukani.

Orlando Predators walicheza fainali tatu mfululizo na wakashinda mbili. Walifanya uwanjani yote ambayo timu inaweza kufanya. Yaliyoamua thamani ya leseni yao yalipangwa kwingine: kwenye meza ya mikataba ya televisheni na kwenye mkutano wa wamiliki wa Disemba 2008. Mwenye hisa anayefuatilia matokeo ya Jumamosi peke yake anatazama robo tu ya biashara yake. Robo tatu zilizobaki zimo kwenye mizania, na hiyo haionyeshwi kwenye televisheni.